Bembea Haina Hatimiliki

Uwanja wa kuchezea watoto ukifa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, hakuna anayetangaza kifo chake. Mabati hupigwa kuzunguka ploti mwanzoni mwa wiki, lori humwaga kokoto katikati ya wiki, na kufikia Jumamosi watoto wanaofika na shilingi zao mkononi humkuta bawabu kwenye kiti cha plastiki akiwaambia warudi nyumbani. Fedha, mtaa uliokaa karibu na pale Outer Ring Road inapokutana na Airport North Road, unalijua jambo hili vizuri. Hapa burudani ya mtoto haikuwahi kuwa na lango la chuma wala tikiti iliyochapwa. Ni jumba la upepo la kurukia, linalovimbishwa na mashine inayonguruma, bembea ya chuma iliyochomelewa na fundi wa jua kali, na mama wa viazi karai pembeni. Vyote hivyo husimama juu ya ploti ambayo mwenyewe hajapata pesa za kuijenga.

Mahali pa aina hii pakifungwa, mazungumzo hugawanyika upesi. Kuna wanaolilia utoto wao, na kuna wanaosema mji lazima ukue, watu wanahitaji nyumba. Nimewasikiliza wote na sioni kama kuna upande unaoligusa jambo lenyewe. Swali linalostahili kuulizwa kwanza ni la kikarani tu: furaha hii ilikuwa imesimama juu ya ardhi ya nani, na ilikuwa na karatasi gani? Ukishajua jibu, unaweza kukisia kwa usahihi mkubwa ni lini itaondoka, nani ataiondoa, na kama kuna mtu atakayeweza kwenda mahakamani.

Mkazi wa Fedha hahitaji kwenda mbali kupata mfano. Kwenye makutano hayo ya barabara palisimama Taj Mall, jumba la maduka ambalo baadaye lilibadilishwa jina likaitwa Airgate Centre, jina ambalo hakuna makanga aliyelikubali. Septemba 20, 2018, matingatinga yaliliangusha, wakati serikali ilipokuwa ikibomoa majengo kadhaa ya Nairobi iliyosema yamejengwa pasipostahili. Taj Mall halikuwa uwanja wa michezo. Lakini familia nyingi za Fedha, Tassia na Pipeline zililifanya mahali pa matembezi ya Jumapili: unavaa vizuri, unazunguka, unatazama vioo vya maduka, unamnunulia mtoto chipsi, unarudi nyumbani na bado una nauli ya kesho. Kesi na kelele za wakati ule zilihusu umiliki, barabara na bidhaa za wafanyabiashara, na zilistahili. Matembezi ya Jumapili hayakuwa na wakili. Leo stegi bado inaitwa Taj Mall, na mgeni anayeshuka pale akiuliza jumba liko wapi huonyeshwa barabara.

Tuje kwenye hesabu, maana mwenye ploti haongozwi na roho mbaya, anaongozwa na kalamu. Tuseme ana ploti ya futi 50 kwa 100. Akijenga ghorofa sita zenye bedsita nane kila moja, anapata vyumba 48. Tuseme kila kimoja kinaleta shilingi 10,000 kwa mwezi: hizo ni 480,000. Sasa tuseme ploti hiyohiyo imebaki na jumba la upepo, na kila mtoto analipa shilingi 100. Ili kufikia mapato yale, wanahitajika watoto 4,800 kwa mwezi. Kwa kuwa biashara hii ni ya Jumamosi na Jumapili, hiyo ni takriban watoto 600 kila siku ya biashara, na mvua isinyeshe hata mara moja. Kweli jengo lina gharama zake, saruji na chuma na mkopo wa benki, na jumba la upepo linahitaji mashine tu na kijana wa kuangalia viatu. Hata ukitoa gharama hizo, mizani haikaribiani. Kila mwaka kodi za nyumba zinapopanda, bembea inazidi kuwa mpangaji ghali kuliko wote, hata kama hajawahi kuchelewesha malipo.

Pipeline, jirani wa Fedha, inaonyesha hesabu hiyo inaishia wapi ikiachwa iende yenyewe. Majengo yamesongamana hadi jua halifiki chini, na watoto wanachezea kwenye ngazi na vibaraza. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni moja katika kaunti ndogo ya Embakasi. Idadi ile peke yake inatosha jiji zima. Kwa hiyo ninaposema ardhi wazi ni chache sitoi malalamiko ya mtu anayependa nyasi.

Sheria nayo inasimama wapi? Inategemea aina ya ardhi, na hapa ndipo historia ya Nairobi inapotufaa kuliko nadharia yoyote.

Uhuru Park ilifunguliwa rasmi na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Kwa mtoto wa Eastlands, kwa zaidi ya kizazi kimoja, hapo ndipo palikuwa pa Krismasi na Pasaka. Matatu hadi mjini, kisha kwa miguu hadi kwenye bwawa la mashua, mpiga picha anayekukimbilia kabla hujakaa, farasi, soda, na kwa waliojaliwa, Luna Park na vyombo vyake vya kuzungusha watoto hewani. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba Kenya Times Media Trust, shirika lenye uhusiano na chama tawala cha KANU, lilikusudia kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua kila mahali palipokuwa na sanduku la posta. Wabunge walimtukana, na vuguvugu lake la Green Belt likafurushwa kutoka ofisi lilizokuwa nazo kwenye jengo la serikali. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi yake ilitupwa Desemba mwaka huohuo kwa sababu hakuweza kuonyesha kwamba yeye mwenyewe, kama mtu binafsi, angepata hasara fulani.

Mnara ulishindwa kwa njia nyingine: wafadhili wa nje walirudi nyuma, na mapema miaka ya 1990 mradi ukafa. Hata hivyo hoja ya mahakama ndiyo iliyokuwa hatari zaidi, kwa sababu ilimaanisha bustani ya kila mtu haiwezi kutetewa na mtu yeyote. Katiba iliyozinduliwa rasmi Agosti 27, 2010, katika bustani hiyohiyo, ililijibu jambo hilo karibu neno kwa neno. Ibara ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kulinda haki ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Na mwaka 2019, mpango wa barabara ya Expressway ulipoonyesha kipande cha Uhuru Park kikichukuliwa, makelele ya wananchi yalitosha na serikali ikasema bustani haitaguswa.

Kufikia hapo mtu angedhani ushindi umekamilika. Lakini kufungwa kulikofuata hakukuletwa na mnyakuzi. Mwaka 2021 Nairobi Metropolitan Services, idara iliyoundwa mwaka uliotangulia na kuongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi, iliifunga Uhuru Park kwa ajili ya kuikarabati. Ardhi ilibaki ya umma, na hakuna hata mita moja iliyouzwa. Lakini kila kilichokuwa ndani kilifungwa pamoja nayo: mashua, Luna Park, wapiga picha, wauza karanga. Idara yenyewe ilimaliza muda wake Septemba 2022 na kuiacha bustani nyuma ya uzio.

Ni lazima niwe mkweli kwa upande wa ukarabati. Maji ya bwawa yalikuwa yamechafuka, usiku palitisha, na wazazi wengi walikuwa wameacha kwenda siku za kawaida kwa kuogopa kuporwa. Hakuna aliyekuwa akitetea uchafu ule. Tatizo ni kwamba uboreshaji ulifanywa kana kwamba bustani ni jengo, unalifunga, unalipaka rangi, unalifungua. Watu waliokuwa wakikaa mle hawakuhesabiwa kuwa sehemu ya bustani. Mpiga picha aliyekula jasho lake pale miaka mingi hakuwa na kibali kinachomtambua baada ya lango kufungwa. Mtoto aliyekuwa na miaka sita wakati huo alimaliza umri wa mashua na farasi akisubiri. Ukimwambia mzazi kwamba mradi umechelewa kidogo, umemwambia kwamba utoto wa mwanawe umepita.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna mchoro wa mradi uliolitarajia. Julai 7, 2024, vijana walijaa Uhuru Park kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya kupinga mswada wa fedha. Ardhi wazi ina tabia hiyo. Hutumika kwa yale ambayo mhandisi hakuyaandika. Ndiyo maana mimi huwa na shaka na miradi inayohesabu idadi ya viti, taa na vichochoro vya vigae, halafu ikaita hiyo ndiyo thamani ya mahali.

Ukitoka kwenye ardhi ya umma na kurudi Fedha, ulinzi wote huo unayeyuka. Ibara ya 70 haimzuii mwenye ploti kujenga kwenye ploti yake. Anachohitaji, kama anabadilisha matumizi ya ardhi, ni kufuata Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019: atangaze kusudi lake, aweke bango, na wenye pingamizi waandike. Kwa kawaida tangazo hutoa siku 14. Umeshawahi kuona bango hilo? Mara nyingi ni dogo, limeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, na limefungwa kwenye uzio upande usiopita watu. Hata likionekana, pingamizi linalosema "watoto wetu hucheza hapa" halina uzito mbele ya afisa wa mipango, kwa sababu kucheza kulikuwa kwa hisani ya mwenyewe. Kenya imeridhia tangu 1990 mkataba wa kimataifa unaotambua haki ya mtoto kucheza, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeitaja. Haki ipo. Anwani yake ndiyo haipo.

Hapakuwa hivi tangu mwanzo. Eastlands ya kale ilipangwa na ardhi ya wazi ndani yake, hata kama waliopanga walikuwa wakoloni waliotaka vibarua wao wakae mbali. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 nyumba zikiuzunguka ukumbi wa kijamii, na ukumbi ule ukawa jukwaa la siasa za uhuru. Jericho ina Camp Toyoyo, ambayo leo ina nyasi bandia. Ziwani ina uwanja wa Umeme, nyumbani kwa mashindano ya Koth Biro. Viwanja hivi vimeishi, kwa sababu vilizaliwa ndani ya ramani ya mtaa, na kwa sababu wakazi walivishika kwa meno. Mitaa iliyokuja baadaye ilikatwakatwa kuwa ploti, na zile zilizoachwa kwa matumizi ya umma zikawa mawindo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, viwanja vya kuchezea vikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi kwa hatimiliki zisizo halali. Januari 2015 nchi iliona picha za watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road wakipigwa vitoa machozi kwa kudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Uwanja ulirudishwa. Lakini shule ile ina jina, ina mwalimu mkuu, ina rekodi. Ploti ya bembea Fedha ina nani?

Wapo watakaosema: basi, tuache soko liamue, penye mahitaji ya burudani mtu atajenga. Amejenga kweli. Two Rivers, iliyofunguliwa 2017 upande wa Limuru Road, ina gurudumu kubwa na vyombo vya kisasa. Kutoka Fedha ni kuvuka jiji zima, nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wanne, kisha tikiti kwa kila chombo. Mtoto wa huku atakwenda mara moja, siku ya kuzaliwa, na picha zitakaa kwenye simu ya mama yake kwa miaka. Hiyo ni sherehe. Mchezo ni kitu cha kila wiki.

Nje ya nchi yetu kuna visa viwili ninavyovikumbuka kila ninaposikia ahadi za wajenzi. Kule Coney Island, New York, uwanja wa Steeplechase uliofunguliwa 1897 ulifungwa 1964. Mwaka uliofuata mjenzi Fred Trump aliununua akitaka kusimamisha majumba ya kuishi. Mwaka 1966 aliubomoa, na hata aliwaalika wageni kwenye sherehe ya kuvunja vioo vya jengo lake maarufu kwa matofali. Kibali cha kubadilisha matumizi hakikupatikana. Majumba hayakujengwa, na uwanja wa mpira uliokuja kukaa pale ulifunguliwa 2001. Fikiria vizazi vilivyokua kando ya ardhi tupu kwa sababu mtu alibomoa kabla ya kupata kibali. Kisa cha pili kina nafuu. Toshimaen, Tokyo, ulikuwepo tangu 1926 na ulifungwa Agosti 31, 2020. Sehemu yake ikawa studio ya maonyesho ya Harry Potter, iliyofunguliwa 2023, na nyingine serikali ya jiji ikaigeuza bustani ya umma. Watu walilia pia, lakini siku lango lilipofungwa walijua ni nini kitakachokuja.

Hata hapa karibu tuna waliofanya vizuri zaidi kuliko Nairobi. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilifungwa ikakarabatiwa na shirika la Aga Khan la utamaduni, na ilipofunguliwa tena 2009 wauza mishkaki na miwa walirudi, wakapangiwa mahali pao. Ni wao waliofanya Forodhani iwe Forodhani, na mradi ulilijua hilo. Mombasa, ufuo wa Mama Ngina, ambao wenyeji huuita Lighthouse, ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kutumiwa kwa sherehe za Mashujaa za Oktoba 20, 2019. Palikuwa na malalamiko, na hasa hofu ya wauza mihogo na madafu kwamba hawatarudishwa. Lakini kazi ilikuwa na tarehe ya mwisho ambayo rais mwenyewe angesimama pale, na ikakamilika. Sijui kama ni jambo la kusifia kwamba bustani zetu hukamilika zikiwa na gwaride, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Swali hili sasa linarudi Eastlands kwa nguvu mpya. Mpango wa nyumba za bei nafuu, unaogharimiwa na tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, unalenga mitaa ya zamani: nyumba za chini zenye nafasi katikati, pahali ambapo afisa wa mipango huona "ardhi isiyotumika vizuri". Ni nafasi hizo ambazo watoto wamekuwa wakizitumia. Siwapingi wanaotaka nyumba. Anayeishi bedsita na watoto watatu hana muda wa hotuba zangu kuhusu bembea. Nataka kujua tu kama ramani za majengo mapya zina uwanja wenye namba yake ya ardhi, ulioandikishwa kwa jina la kaunti, kabla ya msingi kuchimbwa. Uwanja unaoonekana kwenye picha ya tangazo pekee, wenye miti ya kompyuta na watoto wa kizungu wakirusha tiara, utakuwa maegesho ya magari kabla rangi haijakauka.

Na kuna mlango mmoja ambao Kenya haijaujaribu ipasavyo. Zanzibar, mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, ndio unaomiliki na kuendesha viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, Unguja, na Tibirinzi, Pemba. Pesa za wastaafu zimewekwa kwenye bembea, na sikukuu za Idi viwanja hufurika. Sasa tazama Fedha imezungukwa na nani. Nyayo Estate, yenye maelfu ya nyumba, ilijengwa na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya. Tassia nayo ina historia ndefu ya ardhi ya NSSF. Makongeni, kabla ya kuingizwa kwenye mpango wa nyumba za bei nafuu, ilikuwa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Reli. Yaani mifuko ya pensheni imekuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi katika upande huu wa jiji, na mfuko wa pensheni, tofauti na mwenye ploti mmoja aliye na mkopo wa benki, unaweza kungoja miaka 20 pesa zirudi. Faida ya uwanja wa Kariakoo haiwezi kufikia ya ghorofa za bedsita, hiyo tumekwisha kuihesabu. Swali kwa wadhamini wa mifuko hiyo ni kama katika ekari zote walizowahi kushika Embakasi kuna ploti moja ambayo wangekubali ilete kidogo, na ambayo mtoto wa mwanachama wao angeweza kuifikia kwa miguu kutoka Fedha.